Ile video ya vichwa vinne gizani ina stori, tena kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii nimeshindwa kuikata, kila nikitoa kitu naona nimetoa kile kile kinachohitajika. Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa burudani ulikuwa na makala kuhusu video za muziki za zamani na za saivi, nimeisoma yote na mengi yaliyomo nakubaliana nayo. Lakini palipofika video ya wimbo wa Bohemian Rhapsody wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, mwandishi kaweka mistari miwili tu, kwamba ni vichwa vinne gizani, haina stori, na kwamba tunaipenda huku kwetu kwa vile muimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar, basi, akapita kwenda kwenye habari za drone na magari ya kukodi. Hapo ndo nikaliweka gazeti chini.

Mimi kazi yangu ni video. Napiga na kuedit harusi na mahafali hapa Unguja, huu mwaka wa 19, na kabla sijajua hata kushika kamera hiyo video nilikuwa nimeshaiona sijui mara ngapi. Mjomba angu alikuwa anaishi Maskati, akija likizo anakuja na kanda za VHS zimejaa nyimbo alizorekodi kwenye TV ya kule, na kanda moja ilikuwa na Queen. Mara ya kwanza mama alikuwa kakaa na ungo wake anachagua mchele, hana habari na TV, sisi watoto tupo mkekani tumenyamaza. Ikafika kule katikati zinapoanza zile sauti za kujibizana, mama akainua kichwa akauliza, "Kasema Bismillahi huyo?" Mjomba akamwambia naam dada, na huyo unaemuona ni mtoto wa hapa hapa mjini. Mama akasema rudisha nyuma. Ikarudishwa. Akauweka ungo chini na akaangalia mpaka ule upatu wa mwisho ulipopigwa. Sasa mama yangu Kiingereza hajui hata neno, na muziki wa roki hajawahi kuutafuta maishani mwake, kama hakuna stori pale alikuwa anafuata nini?

Tuanze na kwanini ilitengenezwa maana hapo ndo penye ufunguo. Wimbo ulitoka 31 Oktoba 1975, una dakika 5 na sekunde 55, wakati redio zimezoea nyimbo za dakika tatu. BBC walikuwa na kipindi chao cha Top of the Pops, wimbo ukipanda chati wenyewe mnaitwa mje msimame mbele ya kamera, na mara nyingi wanamuziki walikuwa wanafungua midomo tu juu ya sauti iliyokwisha rekodiwa. Sasa fikiria watu wanne wasimame pale wafungue midomo kwenye ile sehemu ya opera, zile sauti za kujibizana za katikati, sehemu ambayo studio Freddie na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, walikaa wiki kama tatu wanaimba na kurudia kuimba, sauti inalazwa juu ya sauti, mpaka watu watatu wakawa kwaya nzima. Hakuna namna ya kuigiza kitu kile laivu bila kuonekana wa ajabu, na Brian May alishaeleza kwamba hilo hasa ndo walilikimbia. Halafu tena wiki hiyo hiyo bendi inatakiwa iwe barabarani kwenye ziara.

Kwahiyo tarehe 10 Novemba 1975 kwenye studio za Elstree, nje kidogo ya London, ambako walikuwa wanafanya mazoezi ya ziara na jukwaa lao limeshasimama, wakamuita dairekta Bruce Gowers ambae mwaka mmoja nyuma alishawapiga video kwenye shoo yao ya ukumbi wa Rainbow. Gharama paundi 4,500. Kupiga kama masaa manne, kuedit masaa matano, tarehe 20 ikarushwa hewani, na kabla Novemba haijaisha wimbo upo namba moja Uingereza, ukakaa hapo wiki 9. Sisemi kwamba ndo video ya kwanza ya muziki duniani kama watu wengine wanavyodai, hapana, Beatles walishapiga filamu za nyimbo zao miaka ya 1960. Lakini kuanzia hapo kampuni za muziki ziliona kwa macho yao kwamba picha inaweza kuubeba wimbo hata bendi ikiwa haipo.

Masaa manne Mhariri. Mimi harusi moja ya Kizanzibari inanichukua siku tatu na bado bibi harusi analalamika hakuonekana vizuri kwenye kupambwa.

Sasa hizo sura nne gizani. Mwandishi wako kaziona kama umasikini wa vifaa. Zile sura zimepangwa kama uru kwenye karata, Brian juu, wawili pembeni, Freddie mbele chini, na mpangilio ule haukubuniwa siku ile, ulikuwa ni kava ya albamu yao ya pili, Queen II, ya mwaka 1974, picha iliyopigwa na Mick Rock. Na Mick Rock nae hakuitoa hewani, alikuwa na picha ya muigizaji Marlene Dietrich ya mwaka 1932, ya wakati wa filamu ya Shanghai Express, mwanamke kakunja mikono, uso umepokea mwanga kutoka juu, kope zimeshuka, kila kitu kingine ni giza. Akamuonyesha Freddie, Freddie akaipenda pale pale. Kwahiyo unapoona zile sura kwenye video unaangalia kitu kilichosafiri kutoka Hollywood ya picha zisizo na rangi, kikapita kwenye kava ya sahani ya santuri, kikaja kuingia kwenye TV ya rangi ya 1975. Hiyo sio bahati mbaya, ni watu waliojua wanachokitaka.

Na ule mwanga wa juu una kazi yake, niuelezee kidogo maana mi kila Jumamosi nagombana nao. Taa ikikaa mbele ya mtu, uso unakuwa bapa, mzuri, safi, ndo wanavyotaka maharusi wote. Taa ukiipandisha juu ya kichwa, mashavu yanatoka, mashimo ya macho yanajaa kivuli, pua inatupa kivuli juu ya mdomo, na mtu ghafla anakuwa kama sanamu au kama mtu alietoka kwenye ndoto. Huwezi kumsoma anafikiri nini. Halafu mwili umepotea, huoni mabega wala miguu, ni kichwa tu kinaelea. Video inavyoanza hata uso hauuoni, ni vivuli vinne vinaimba bila ala yoyote, halafu taratibu mwanga unapanda. Mtu anaeangalia kwa mara ya kwanza hajui hawa ni nani, ni mahakama, ni malaika, ni mawazo ya mtu mmoja aliegawanyika vipande vinne. Swali la kwanza la wimbo lenyewe ni hilo hilo, haya ni kweli au ni ndoto. Picha imeuliza swali kabla mwenye kujua Kiingereza hajamaliza kulisikia.

Baada ya hapo tunapelekwa jukwaani. Freddie yupo kwenye piano, nguo nyeupe, sura moja, mtu mmoja anasema na mama yake. Wanaojua maneno wanajua kijana anamwambia mama kwamba ameua mtu. Sasa angalia wasichokionyesha! Hakuna mama, hakuna bunduki, hakuna maiti wala polisi. Kuna mtu na piano basi. Sisi huku kwetu tumezoea msanii akitaja mvua lazima mvua inyeshe, akitaja gari gari lipite, akisema analia basi machozi ya karibu kabisa, yaani picha inakuwa mkalimani wa maneno, inayasema tena yale yale kwa sauti ndogo zaidi. Mi nimefanya hivyo pia kwenye kazi zangu za vijana wa mtaani wanaokuja na nyimbo zao, nimefanya miaka, na nilikuwa naona ndo kazi inavyotakiwa. Ile video inakuachia mama umuone wewe. Mama yangu mimi alimuona nani sijui, ila alikaa kimya.

Nikikwambia video ina stori namaanisha ina sehemu mbili tu, na mtu anahama kutoka moja kwenda nyingine, na kila akihama anarudi akiwa mwengine. Kuna giza lenye vichwa, na kuna jukwaa lenye miili. Giza, jukwaa, giza, jukwaa. Kwenye giza anahukumiwa na kugombaniwa, wapo wanaotaka aachiwe na wapo wanaokataa. Kwenye jukwaa la kwanza kakaa kwenye piano anaungama, kwenye jukwaa la pili kasimama, gitaa zimefunguka, taa zinawaka kwa nguvu, anapigana. Mwisho kasi inashuka na Roger Taylor, kifua wazi, anapiga ule upatu mkubwa. Waingereza wa wakati ule upatu huo walikuwa wanaujua vizuri, kampuni ya filamu ya Rank ilikuwa inafungulia filamu zake zote kwa mtu mwenye misuli anapiga upatu. Queen wakauweka mwisho. Kinachofungua sinema wao wamefungia.

Hii ni tafsiri yangu, mwengine ataona vingine, sina ugomvi. Ila mtu asiseme hakuna.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya nikae chini niandike, zile efekti. Kwenye opera kuna mahali sura zinaongezeka, skrini inajaa sura ile ile mara nyingi kama sega la nyuki, na kuna mahali Freddie anaimba neno moja, magnifico, sauti inajirudia inaenda zake mbali, na uso wake nao unajirudia, mmoja nyuma ya mwengine, unakwenda kwa mstari unapotelea. Watu wengi wanadhani ni kompyuta, au ni ufundi wa kwenye chumba cha kuedit. Hakuna. Vyote vilifanyika pale pale wakati kamera inarekodi. Lile sega ni lenzi iliyochongwa pembe pembe. Na zile sura zinazokimbia ni kamera imegeuzwa ikaangalia monita inayoonyesha picha ya kamera hiyo hiyo.

Nilipolisoma hili miaka ya nyuma sikuamini mpaka nijaribu. Dukani kwangu nina TV ya kichogo ambayo nimekataa kuiuza, na kamera ya zamani ya kanda. Nikachomeka ule waya wa njano wa picha kutoka kwenye kamera kwenda kwenye TV, mtoto wa dada yangu nikamsimamisha kati, taa zote nimezima isipokuwa moja ya mezani, nikaigeuza kamera itazame TV. Kwanza ikatoka nyeupe tupu, TV inalia na mwanga. Nikafunga lenzi kidogo, nikarudi nyuma hatua moja, nikapunguza ung'avu wa TV, nikaizungusha kamera kwa upande kama mtu anainamisha kikombe, basi hapo ndo ikashika. Uso wa mtoto ukaonekana kwenye TV, na ndani ya TV kuna TV yenye uso wake, na ndani yake mwengine, kila mmoja mdogo kuliko wa nyuma yake, hafifu zaidi, umechelewa kidogo, na kila akifungua mdomo wale wa ndani wanafungua baada yake kama watoto wa chuoni wanaomfuata maalimu. Mtoto akapiga kelele, "Mjomba, mimi niko wengi!" Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Siku ya pili nikafungua kipande cha kioo kwenye taa ya kuning'inia iliyovunjika, vile vioo vyenye pembe, nikakishika mbele ya lenzi kwa vidole, na sega likatokea.

Ukikaa nacho kitu kama hicho kwa mkono wako unaelewa uzuri wake ni nini. Kila mtu anaeshika maiki ukumbini anajua ukiisogeza karibu na spika inapiga ule mluzi, sauti imeingia kwenye maiki, imetoka kwenye spika, imeingia tena, duara halina mwisho. Kamera mbele ya monita ni jambo lile lile kwa upande wa picha. Wale jamaa studio ya muziki walikuwa wamerundika sauti ya mtu mmoja juu ya sauti yake mwenyewe, sasa kwenye picha wakarundika uso wa mtu mmoja juu ya uso wake mwenyewe. Sauti inavyojirudia, picha inajirudia, kwa sababu ya aina moja. Hapo picha haielezi maneno wala haiyapambi, inafanya kile kile ambacho muziki unafanya. Sijaona bado kitu cha drone kinachofika hapo, na ninayo drone, naipenda na inanilipia kodi ya fremu.

Na jambo jengine ambalo ni mafundi tu huwa wanalizungumza, hii isingewezekana kama wangepiga kwa filamu kama ilivyokuwa kawaida kwa kazi za heshima. Filamu unaipeleka maabara isafishwe, matokeo unayaona baadae. Wao walitumia kanda ya video ya mambo ya TV, ile ile ya kurushia mpira, ambayo wakubwa wa sinema walikuwa wanaiona kitu cha hovyo. Lakini kanda ina monita pale pale, unaona unachopiga sekunde hiyo hiyo, na kwa sababu monita ipo ndo mtu anapata akili ya kuigeuzia kamera. Kifaa cha bei rahisi kikatoa kitu ambacho cha bei kubwa kisingeweza. Vijana wanaokuja kwangu wanalalamika hawana kamera kama za wasanii wakubwa nawaonyesha hii, tunaipiga mara tatu mara nne, nawauliza mwanga upo wapi, nani anatazama nani, kwanini hapa sura ni nne na hapa ni moja.

Najua pia hapa kisiwani wapo ambao jina la Freddie Mercury likitajwa wanakunja uso, mwaka 2006 palikuwa na mabishano makubwa kuhusu sherehe ya kumbukumbu yake na haikufanyika. Sitaki kuufungua ugomvi huo, kila mtu ana dini yake na nafsi yake. Ila naona tumegawanyika makundi mawili na yote hayaiangalii kazi, kuna wanaomkataa na kuna wanaomuuza. Mjini kuna makumbusho yake tangu 2019, kuna wageni wanapiga picha mlangoni kutwa nzima, waongozaji watalii wanajua alizaliwa 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi, kasoma India, wakaondoka 1964. Vizuri. Lakini muulize mtu yeyote pale mlangoni ile sura gizani ilipigwaje na nani, hakuna jibu. Kisiwa hiki kilikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati ndugu zetu wa Bara wamekuja kupata TV 1994, sisi ndo tungekuwa wa kwanza kuzungumza mambo ya picha.

Kuna video nyengine nataka kuitaja, na hii naomba mwandishi wako aiangalie kabla hajaandika tena kwamba Queen walikuwa na maonyesho bila stori. Ni ya wimbo wa These Are the Days of Our Lives, ilipigwa 30 Mei 1991, na ndo mara ya mwisho Freddie kusimama mbele ya kamera ya video. Alikuwa anaumwa sana, kakonda, uso umeingia ndani. Wakaifanya nyeusi na nyeupe. Rangi ukiitoa, weupe wa maradhi hauonekani, vipodozi vizito havionekani, unabaki mwanga na umbo. Ni sababu ya kumstiri mtu, lakini ukiangalia inafanya zaidi ya kustiri, maana wimbo ni wa mtu anaekumbuka siku zake, na sisi sote kumbukumbu za wazee wetu ni zile picha nyeusi na nyeupe ukutani. Brian May siku hiyo alikuwa nje ya nchi, wakamuingiza baadae, kwahiyo ukiiangalia kwa jicho la fundi unaona wenzake hawakuwa pamoja nae wote. Freddie hachezi. Yule alieruka jukwaani miaka yote anasimama sehemu moja, mikono inafanya vitu vidogo, kavaa kizibao kilichochorwa paka wake. Mwisho anatazama chini, anacheka kidogo, anainua macho moja kwa moja kwenye lenzi na anayasema yale maneno ya mwisho ya wimbo, kwamba bado anakupenda, kwa kunong'ona. Kamera haikimbii wala haiingilii, inamuacha. Alifariki 24 Novemba mwaka huo huo.

Mi ile naweka sambamba na ya 1975 na naona ni uso ule ule. Ya kwanza uso umetoka gizani taratibu, macho yamejaa kivuli, unazidishwa unakuwa sura nyingi, hajulikani ni nani. Ya mwisho uso ni mmoja, hauna pa kujificha isipokuwa rangi tu imetolewa, na macho yanakutazama. Miaka 16 kati yake. Mama yangu hii ya pili nilimuonyesha mwenyewe, nimeshakuwa mtu mzima, nina duka langu. Alipomaliza alisema "Masikini, kaaga watu", na mi sikuwa nimemwambia chochote.

Hicho ndo kinaitwa kusimulia kwa picha, Mhariri, na inauma kuona gazeti ninalolinunua tangu shule linakipita kwa mistari miwili. Sio kwamba mwandishi wako ni mbaya, anaandika vizuri, ila kama kurasa zetu zote zinauliza video imegharimu shilingi ngapi na imetazamwa na watu wangapi basi na vijana watapiga za gharama na za kutazamwa. Na kama namba zinahitajika zipo pia, hii ya vichwa vinne Julai 2019 ilipita watazamaji bilioni moja YouTube, ndo video ya kwanza ya kabla ya miaka ya 1990 kufika hapo.

Nina maombi. Kila mnapoandika kuhusu video ya muziki, yetu au ya nje, andikeni jina la dairekta na la mtu wa kamera. Bruce Gowers alikwenda Marekani akaongoza vipindi vikubwa vya TV mpaka American Idol, akafariki Januari 2023, na sikuona hata mstari mmoja kwenye gazeti lolote la Kiswahili nililoshika wiki hiyo. Hapa kwetu ndo kabisa, kuna vijana Dar na Unguja wanapiga kazi ambazo zinatazamwa mpaka Kigali na Bujumbura na majina yao hayapo popote zaidi ya zile herufi ndogo mwanzoni mwa klipu. Ombi la pili, muwape nafasi mafundi, sio lazima mimi, waeleze sini moja tu ilivyopigwa, taa ilikuwa wapi, walihangaika na nini, wasomaji wenu watalipenda kuliko mnavyodhani.

Na huyo mwandishi wa burudani akipita Unguja namkaribisha dukani, aulize tu kwa mpiga video mwenye TV ya kichogo atapelekwa mpaka mlangoni. Waya wa njano upo, kipande cha kioo kipo, nimsimamishe kati na nimuwekee kamera aone na yeye akiwa wengi.

Wako,
Mpiga video wa harusi,
Mwanakwerekwe, Unguja.